Taa za 404 zimefifia: pima volti kabla ya kugusa rifleta

Swali: Fundi, mzee wangu aliniachia Peugeot 404 ya 1967. Nimeirudisha barabarani hapa Kisumu, lakini usiku taa za mbele zinawaka kama koroboi. Rifleta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, zina ukungu na madoa meusi. Fundi mmoja anataka kuzipiga kroma, mwingine anasema niweke LED nisahau. Mimi nataka taa zake za asili. Nifanyeje?

Jibu: Kwanza zifiche hizo rifleta mafundi wako wasizifikie.

Anza na waya. Washa injini, washa dimu (taa ya chini), pima volti za betri kwa multimita, kile kipimo cha umeme, halafu pima zinazofika kwenye soketi ya balbu. Kwa gari la umri huo si ajabu ukute betri ina 13.5 na balbu inapata 11.5. Volti mbili utaziona kidogo, lakini mwanga hushuka haraka kuliko volti: ukikosa asilimia 10 ya volti, umekosa karibu asilimia 30 ya mwanga. Hizo mbili zimekula kama asilimia 40 ya taa yako.

Zinaliwa kwenye swichi iliyochoka, kwenye viungo vilivyoota kutu ya kijani, na zaidi kwenye ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Kwangura bodi mpaka chuma kionekane, funga waya mpya wa ethi kutoka soketi. Kisha weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), moja ya dimu na moja ya fulu, ile taa ya juu, zivute umeme kwa waya mnene moja kwa moja kutoka betri, kupitia fiuzi. Swichi ya zamani ibaki kazi ya kuamsha rilei tu. Zifiche vizuri, wapenzi wa 404 wana macho makali.

Sasa rifleta. Nilipokuwa najifunza kazi hapa Nakuru, nilipewa moja yenye ukungu nikaisugua kwa dawa ya kung'arisha shaba. Kitambaa kikatoka cheusi, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Kumbe ndiyo rifleta yenyewe iliyokuwa inatoka! Rifleta za miaka hiyo kwa kawaida zimepakwa utando wa alumini mwembamba, chini ya maikromita moja. Huo hausuguliwi. Mimina maji ya betri (yale safi, si asidi) yenye tone la sabuni ya vyombo, zungusha, mwaga, suuza, kisha inamisha ikauke yenyewe kivulini. Ukungu mwingi utaondoka. Madoa meusi hayataondoka. Hapo utando umeshakufa.

Kroma inapendeza kwenye bampa, lakini inarudisha kama asilimia 65 tu ya mwanga, wakati alumini inarudisha karibu 90. Rangi ya fedha ya kupuliza ni mbaya zaidi, inatawanya mwanga ovyo. Madoa yakiwa mengi, dawa ni kupakwa alumini upya ndani ya chemba isiyo na hewa, au kutafuta rifleta nzima kwenye gari lililovunjwa. Unaporudisha, badilisha raba ya kioo na uzibue tundu la chini la kutolea maji, maana hapo ndipo madoa yalipoanzia.

Ukiagiza taa kamili kutoka Ufaransa, kumbuka wao huendesha kulia. Dimu yao hupanda upande wa kulia, na huku kwetu huko ndiko lori linakotokea. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani: mwanga wa dimu unatakiwa kupanda upande wa kushoto.

LED mrudishie mwenyewe. Kioo na rifleta vilipimwa kwa waya mdogo wa balbu uliokaa mahali pamoja kamili. Chipu za LED zikikaa pembeni hata kidogo, mwanga unasambaa, na kwenye ukungu wa Timboroa utaona ukuta mweupe tu. Ukitaka nguvu zaidi ya wati 45/40 za asili, zipo halojeni za 60/55 zenye kitako kilekile cha zamani. Zifunge baada ya rilei, si kabla.