Onyesho la Kijapani huku ughaibuni: tafuta dogo, kaa mbele

Wengi wetu tulioko London tukisikia kuna shoo ya Wajapani tunawaza sushi na katuni basi. Ndo maana wengi wanaishia Japan Matsuri, lile tamasha kubwa la Kijapani pale Trafalgar Square, ambayo ni bure na ina raha yake, zile ngoma za taiko zikipigwa unazisikia mpaka kifuani, lakini foleni ya chakula inakula nusu ya siku na unarudi nyumbani hakuna kitu ulichokishika vizuri. Nenda, sikukatazi. Ila kama una siku moja tu tafuta shughuli ndogo, hasa zile ambazo msanii anaonyesha kidogo halafu anasimama anaeleza, na ukikuta ni bunraku usiiache kabisa.

Bunraku ni vikaragosi, kwao hasa ni Osaka, na usidhani ni mambo ya watoto maana hadithi zake ni za mapenzi, madeni na watu kujitoa uhai. Kikaragosi kimoja kinaendeshwa na watu watatu, mkubwa wao anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu, na wenyewe wanasema ni miaka kumi ya miguu na kumi mingine ya mkono wa kushoto ndipo upewe kichwa. Mimi nilikaa mbele kabisa na kilichonimaliza ni kikaragosi cha mwanamke, kwa sababu vya kike kwa kawaida havina miguu kabisa! Yule jamaa wa chini anakunja ngumi ndani ya pindo la kimono, anasukuma kitambaa kidogo tu, na wewe unaona goti, unaona mama wa watu anapiga magoti analia. Ngumi nilikuwa naziona kwa macho yangu na bado roho iliniuma aisee. Ukikaa nyuma hiki kitu hukipati.

Halafu upande wa kulia kuna msimulizi na mpiga shamisen, ala ya Kijapani ya nyuzi tatu. Kabla hajaanza msimulizi anakiinua kitabu chake juu anakiinamia kwa heshima, na kuanzia hapo sauti zote ni zake peke yake, mzee, mtoto, bibi harusi, wote, na ndani ya nguo amefunga mkanda na kuweka kifuko cha mchanga tumboni ili sauti ipate nguvu. Sisi tuliokulia na taarabu tunamwelewa haraka, hata usiposhika neno moja unajua hapa sasa uchungu umefika. Kwa hiyo soma muhtasari wa hadithi nyumbani kabla hujatoka, maana ukikaa kufukuzana na tafsiri kwenye skrini, mikono yote itakupita.

Kuhusu hela usiogope. Nyingi ni bure au bei poa kwa sababu serikali ya Japani yenyewe inatia mkono, Japan Foundation ilianzishwa 1972 kwa kazi hiyo hiyo ya kupeleka utamaduni wao nje, na Japan House, jumba la utamaduni wao, ni mradi wa wizara yao ya mambo ya nje, ipo São Paulo, Los Angeles na hii ya kwetu London, Kensington High Street, iliyofunguliwa 2018. Kwenye maonyesho yao huku hulipi kiingilio. Ukitoka pale tembea mpaka Kyoto Garden ndani ya Holland Park ukae kidogo, ni karibu sana. Walioko Paris wana jumba lao jirani na mnara wa Eiffel, na New York kuna Japan Society ya tangu 1907.

Ukipata warsha ya chai, yaani ya kunywa chai kwa taratibu za Kijapani, vaa soksi safi maana viatu mara nyingi vinavuliwa, na bakuli ukipewa ligeuze kidogo kabla ya kunywa, kwa sababu mwenyeji amekuelekezea upande wake mzuri na adabu ni kutounywea huo. Picha mpaka uruhusiwe. Na uliza maswali jamani, watu wetu tunakaa kimya mno wakati msanii katoka mbali kote huko na anatamani kuulizwa.

Nafasi za warsha ni chache na zinaisha haraka, jiandikishe upate barua pepe za waandaaji, na ukichukua tiketi ya bure halafu ukaona hutaenda, irudishe mapema, kuna mtu yuko kwenye orodha anaisubiri.