Maswali na Majibu: Mlima Uupande, Ziwa Ulipigie Hesabu

Kiangazi kimeingia na maswali ya safari za miguu ni mengi. Karibu yote yanauliza habari za mlima na kulisahau Ziwa Tanganyika, na kwa Kigoma hapo ndipo safari zinapoharibikia.

Nataka kupanda vilima vya Gombe Jumamosi na kurudi jioni ileile kwa boti ya abiria. Inawezekana? (Mwanga)

Haiwezekani. Boti za abiria za Kibirizi, bandari ndogo jirani na mji wa Kigoma, kwa kawaida huondoka mchana na kurudi alfajiri ya kesho yake. Hifadhi ya Gombe iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji, lakini boti hizo husimama kijiji hadi kijiji na kula saa tatu au zaidi. Ama ulale hukohuko, ama mchangiane watu watano mkodi boti na kung'oa nanga saa 12 alfajiri. Msisitizo wa alfajiri ni kwa ajili ya upepo. Miezi hii kusi hukaza kadiri mchana unavyokwenda, na kurudi mjini ni kwenda kusini, maana yake mawimbi mnayapokea usoni. Kabla ya kupanda hesabu jaketi okozi na hesabu vichwa. Zikipungua hata moja, shuka, hata kama nauli umeshatoa. Na ada ya hifadhi ilipe ungali mjini kwa namba ya malipo. Fedha taslimu hazipokelewi.

Naweza kutembea Gombe bila mwongozaji? (Kasulu)

Hapana.

Mwongozaji alitugeuza saa 9 alasiri na jua bado kali. Alituibia muda? (Dar es Salaam)

Aliwalinda. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi lakini tunafuata saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo huku jua hufika utosini yapata saa 7 mchana, na joto lenyewe hasa ni saa 8 hadi 10. Mgeni anapoanza kupanda saa 5 akidhani jua linakaribia kulegea, kumbe anaelekea kwenye moto. Jua likizama karibu saa 1 usiku, giza huanguka kwa dakika kama 20, na chini ya miti ya mabondeni huwahi zaidi. Kutoka ufukweni, mita 773 juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa juu kwenye mita kama 1,500, ni kilomita chache tu. Huo ni mteremko mkali wenye changarawe inayoteleza juu ya udongo mkavu. Watu wengi huanguka wakishuka, magoti yakiwa yamechoka. Ukipanda kwa saa 3, tenga saa 2 na nusu za kushuka. Kata kucha za miguu kabla ya safari na kaza kamba za viatu kifundoni, la sivyo vidole vitagonga ncha ya kiatu mpaka kucha ziwe nyeusi.

Maji kiasi gani? (wengi)

Lita 3 kwa kila mtu. Jibu ni lilelile la kila kiangazi, tafadhali liandikeni ukutani. Ongezeni pakiti moja ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini.

Nina mafua kidogo tu na boti nimeshalipia. Nikivaa barakoa nitaruhusiwa kuwaona sokwe? (Ujiji)

Ndugu yangu, baki nyumbani. Barakoa ni ya mtu mzima wa afya, haimsafishi mgonjwa. Sokwe mtu hushikwa na magonjwa yetu ya kifua, na kikohozi kinachokutoa wewe kazini siku mbili kinaweza kumuua yeye. Mwaka 1966 polio iliwapooza sokwe kadhaa wa Gombe wakati watu wa wilaya nao wakiugua. Ndiyo sababu mnaambiwa mkae mbali nao, msiteme mate, msile mbele yao, na muda ukiisha muondoke. Wanaosogea kwa ajili ya picha ya simu wanafanya ubaya, na mwongozaji anayepokea bakhshishi ili afumbe macho ni mbaya kuliko wao. Nyani nao wasionyeshwe chakula: aliyewahi kupora ndizi mara moja atakufungulia begi wewe ukiwa umelishika.

Tulikatisha pori la miombo kuelekea Uvinza, tukatoka tunawashwa mwili mzima. (Kazuramimba)

Huo ni upupu. Kiangazi maganda hukauka na vinyweleo hupeperuka kwa upepo. Usijikune, maana unavizamisha. Vua nguo, bandika na kubandua selotepu mara kadhaa penye muwasho, ndipo uoge kwa sabuni. Nguo zifuliwe peke yake. Safari ijayo vaa mikono mirefu na usipite upande upepo unakotupa.

Mlima Nkungwe wa Mahale unapandwa kwa siku moja? (Buhigwe)

Usijaribu. Kilele kiko mita 2,462, yaani karibu mita 1,700 juu ya ziwa, na ndani ya Hifadhi ya Mahale hakuna barabara ya gari. Panga siku mbili au tatu pamoja na askari mwenye silaha, na hema. Juu usiku kuna baridi. Shuka moja la Kigoma mjini halitoshi.