Babu yake bibi hakushika bunduki, naye ni shujaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi kwetu Korogwe, na bibi yangu huwa anasimulia kwamba babu yake alikamatwa shambani akapelekwa kubeba mizigo kwenye ile vita ya Mjerumani na Mwingereza, akaondoka moja kwa moja, kaburi lake hatujui hata liko mkoa gani. Sasa Siku ya Mashujaa, ile 25 Julai, tunaangalia tivii Rais anaweka mkuki na ngao, kijana wangu wa darasa la sita akaniuliza, mama, babu yake bibi naye ni shujaa? Mbona hakupigana, na vita yenyewe haikuwa yetu? Nikakosa jibu. Shemeji yangu akadakia eti haya mambo tuyaache, ukiyafukua unaamsha chuki. We unaonaje?
*Mama wa watoto wawili, Korogwe*

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo kijana usimpe jibu la kumpoza, mwambie ilivyokuwa. Ile vita ya 1914 mpaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huku kwetu ilipiganwa kwenye mapori yenye mbung'o, farasi na nyumbu na ng'ombe wa kukokota wakawa wanakufa tu, na reli haikufika kila mahali, sasa risasi na unga na masanduku ya maofisa yatafikaje? Kichwani kwa watu. Mjerumani kakamata watu, Mwingereza naye kakamata, mtu anatembea na mzigo wiki na wiki, chakula kidogo tena hakijaiva, kuhara damu, malaria, nimonia. Wengi hata risasi haikuwagusa. Upande wa Mwingereza peke yake wapagazi, yaani hao wabeba mizigo, waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 90,000. Na hii Kariakoo tunayoenda kununua vitenge, jina limetoka hukohuko, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, pale ndo palikuwa kambi ya wapagazi baada ya Waingereza kuiteka Dar 1916.

Mi nikipita Posta lazima nisimame kwenye sanamu ya askari. Imewekwa 1927, kashika bunduki yenye singe, na maandishi ya chini yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri kweli, lakini majina yao hayapo. Na si kwamba yalisahaulika hivihivi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, maana wakubwa wa enzi hizo waliona Mwafrika kaburi lenye jina la nini. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Miaka mia imepita!

Sasa ni shujaa au siyo? Kwa upande wangu usimlazimishie ushujaa. Babu alionewa, katolewa shambani kwa nguvu kafia mzigo usio wake, na mtu aliyeonewa anastahili kukumbukwa hata kama hana medali. Mwambie mtoto hivyo, ataelewa.

Shemeji yako simlaumu, ana hofu ya kweli, ila kinachoamsha chuki ni kusimulia nani alimpiga nani. Simulia habari za mzigo uone kama kuna mtoto atatamani vita. Waulize wazee wa Ugogo juu ya Mtunya, ile njaa iliyoanza 1917, majeshi yalishapita yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na vijana wa kulima, watu wakaendelea kufa mpaka 1920 wakati vita yenyewe ilishaisha. Mtoto akilijua hilo, siku mtu akija kumchochea eti tukawapige jirani, atauliza kwanza nani atalima.

Na tumaini lipo, silisemi kukufariji. Januari 2025 Cape Town wamezindua kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa kwenye vita hiyohiyo bila kushika bunduki, kila mmoja ana nguzo yake ya mti na jina lake. Yametafutwa, yakapatikana.

Kwa hiyo kaa na bibi wiki hii, simu iwe inarekodi, huyo kijana ndo awe anauliza. Babu alikuwa mtoto wa nani, shamba lilikuwa wapi, nani alibaki na watoto. Umeniandikia barua nzima mwanangu na jina lake hujalitaja, naomba nitumie.