Pikapu inagonga chini: kwa kijana anayeanza gereji

Dereva akikuletea pikapu na kusema "fundi, huko chini kuna kitu kinagonga", usiingie uvunguni bado. Muulize kwanza. Inagonga gari likiwa limesimama, au mpaka litembee? Kwenye lami nako, au kwenye vumbi tu? Akipakia mzigo inazidi au inanyamaza? Akikanyaga breki je? Kisha panda naye, na yeye ndiye aendeshe. Wewe ukishika usukani utakwepa mashimo ambayo yeye hayakwepi, na mlio wenyewe hautausikia.

Maswali hayo si ya kupotezea muda. Chasisi ni chuma kirefu na sauti husafiri ndani yake. Shakeli ya springi ya nyuma (kishikio kinachounga ncha ya springi na chasisi) inaweza kulia ukaapa kwamba iko chini ya miguu yako. Ndiyo maana vijana wengi wanapiga ramli kwa spea za mteja: leo shokapu, kesho bushi, keshokutwa tairodi, na gari linarudi linagonga vilevile. Sikio linakufikisha mtaani tu. Nyumba utaijua kwa kushika kwa mkono.

Kabla ya yote, toa jeki na spana zilizotupwa nyuma ya kiti. Tikisa tairi la spea, angalia geti la nyuma na minyororo yake. Utacheka, lakini hapo ndipo kesi kadhaa zinapoishia, na mteja asilipishwe kwa hilo.

Baada ya hapo jiulize mlio unamfuata nani: injini, magurudumu, au barabara.

Wa injini ni rahisi. Gari lisimame, gia huru, kanyaga mafuta polepole. Mlio wa bati unaotokea kwenye mzunguko fulani tu kisha ukapotea, mara nyingi ni bati la kukinga joto la ekzosi. Subiri ekzosi ipoe, ligonge kwa ngumi, utausikia uleule. Kama mlio unakwaruza kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) halafu unakatika ukikanyaga klachi, sikiliza beringi ya shafti inayoingia gia boksi. Mlio ukianza pale unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi yenyewe.

Wa magurudumu ndio unaohitaji akili, hasa kwenye gari la foo wili. Chukua Land Cruiser ya mkonga yenye habu (vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono. Habu zikiwa huru na gia ya transfa (ile ya foo wili) ikiwa H2, yaani injini inavuta nyuma tu, propela ya mbele (shafti ndefu inayoenda kwenye difu) haizunguki. Tembea hivyo usikilize. Simama, funga habu zote mbili, lakini usiguse gia ya transfa, acha H2 hapohapo. Sasa magurudumu yanaizungusha propela ya mbele bila injini kuivuta. Tembea tena kwa mwendo uleule, barabara ileile. Mlio ukijitokeza, umeshaondoa nusu ya gari kwenye orodha: tafuta mbele, kwenye krosi (kiungo cha msalaba kwenye propela), difu au shafti za magurudumu. Usilijaribu hilo kwa H4 (injini ikivuta mbele na nyuma) kwenye lami kavu, utaibana mitambo na kujitengenezea milio mingine.

Krosi ikikutia shaka, weka kabari kwenye matairi, gia huru, ingia chini. Shika pande mbili za krosi uzizungushe kinyume. Ikicheza hata kidogo, imekwisha. Tazama pia kando ya vikombe vyake: unga mwekundu kama kutu ni dalili kwamba grisi ilishakauka siku nyingi. Ukipiga grisi, pampu mpaka ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, hicho ndicho kinachokula chuma. Na ule mlio mmoja mzito, "kong!", gari linapoanza kuondoka, mara nyingi ni mahali propela inapoteleza kuingia na kutoka, pameishiwa grisi.

Kwenye gurudumu la mbele, inua kwa jeki, weka stendi (jeki peke yake haiaminiki, nasema hivi kwa kila kijana), shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona), au boljointi kama ni gari la aina hiyo.

Wa barabara ndio tunaopokea zaidi hapa Arusha, kwa sababu magari yanatoka Serengeti kupitia lango la Naabi, na ile barabara ya mawimbi hulegeza kila nati. Mlio wa haraka haraka kwenye mawimbi madogo, lakini kimya kwenye shimo kubwa, anza na bushi za shokapu na linki za stabilaiza (vyuma vifupi vinavyoshika fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona). Linki usizipime gari likiwa limening'inia kwenye jeki, maana zinakuwa zimevutwa na mchezo unajificha. Lishushe matairi yote yakanyage chini, mwenzako alitikise bodi, wewe weka kiganja kwenye kila kiungo. Kinachogonga utakisikia kwenye mfupa wa mkono. Mlio ukinyamaza dereva akikanyaga breki kidogo, ni pedi zinacheza kwenye kalipa.

Nyuma, pikapu tupu hugonga kuliko yenye mzigo, kwa hiyo ukiipima imejaa saruji utaambulia patupu. Angalia bushi za shakeli, kisha U-bolti zinazoshika springi na ekseli. Alama inayong'aa chuma kitupu pale springi inapokalia ni ushahidi kwamba kitu kimekuwa kikisogea. Ukizikaza au kuweka mpya, mwambie dereva arudi akitembea kilomita mia kadhaa, uzikaze tena, kwa sababu zinakaa na kulegea.