Maswali na Majibu: Mikisa Kuukuu za Analogi katika Studio ya Nyumbani

Makanisa na wenye vyombo vya kukodisha hapa Nairobi wanapohamia mikisa (meza za kuchanganyia sauti) za kidijitali, zile za analogi walizozitumia tangu miaka ya 1980 na 1990 huingia stoo, na baadaye hutafutiwa wanunuzi. Barua zote za safari hii zinahusu mikisa hizo.

Kanisa letu linauza mikisa ya chaneli 24 iliyokaa stoo miaka mingi. Mzee wa kanisa anasema ilikuwa nzima ilipozimwa. Nitajuaje hali yake kabla ya kutoa pesa? (Msomaji, Umoja)

Mzee wa kanisa anasema kweli, ila mikisa haibaki jinsi ilivyozimwa. Ndani yake mna kapasita za elektroliti, vijikopo vidogo vyenye majimaji yanayokauka polepole hata kifaa kisipotumika, na joto huuharakisha ukaukaji huo kiasi kwamba nyuzi kumi za ziada hupunguza maisha ya kapasita kwa karibu nusu. Ndiyo maana mikisa ya miaka thelathini, iliyokuwa nzima siku ilipofunikwa shuka, inaweza kuamka ikivuma au isiamke kabisa.

Anza na pawasaplai, yaani kifaa kinachoipa mikisa umeme, ambayo katika mikisa nyingi kubwa ni kisanduku cha pekee kinachounganishwa kwa kebo nene. Ikiwa kisanduku hicho kimepotea, nakushauri uache, hata bei iwe ya kuvutia namna gani, kwa sababu mikisa inahitaji umeme wa aina kadhaa kwa wakati mmoja: volti chanya na hasi za kuendeshea saketi, mara nyingi kati ya 15 na 18 kila upande, pamoja na volti 48 za maikrofoni za kondensa. Kisanduku cha kubahatisha kinaweza kuunguza chaneli zote kwa sekunde moja. Kikiwapo, usikichomeke ukutani moja kwa moja. Mwombe fundi akiwashe peke yake, kabla ya kuunganishwa na mikisa, kupitia balbu ya filamenti iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Kapasita zilizovimba kichwani au zilizovuja majimaji ya rangi ya kahawia zibadilishwe kabla ya jaribio lolote, na kazi hiyo umwachie fundi, maana kapasita kubwa huweza kushika umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mikisa ikishawaka, toa maikrofoni yako mwenyewe unayoijua vizuri, kebo moja, hedifoni na multimita (kipima umeme). Pitia chaneli moja baada ya nyingine, zote 24, bila kuona haya mbele ya muuzaji: pandisha priampu (kikuza sauti ya maikrofoni), sogeza fada (kitelezi cha kiwango cha sauti) kutoka chini hadi juu, zungusha kila kifundo cha ekolaiza (kirekebishi cha besi na sauti za juu), peleka sauti kushoto na kulia, bonyeza kila kitufe. Pima volti za maikrofoni kati ya pini ya 1 na ya 2 kwenye soketi, kisha kati ya ya 1 na ya 3. Zinapaswa kuwa kati ya 44 na 52. Baadaye pandisha fada zote bila kuingiza sauti yoyote na usikilize. Mchuo wa shhh ulio sawa katika chaneli zote ni wa kawaida, lakini mvumo mzito unaelekeza kidole kwenye pawasaplai.

Halafu iache iwake kwa saa nzima, kisha urudie. Sisemi haya kwa kusoma tu. Niliwahi kununua mikisa niliyoijaribu kwa dakika kumi, nikaibeba hadi nyumbani kwa furaha, na ilipopata moto chaneli sita zikanyamaza. Hitilafu ya joto haijitokezi haraka.

Ukipata kasoro, itafakari kabla ya kukata tamaa. Kitu kimoja kikikosekana katika chaneli zote, kwa mfano volti 48 au njia moja ya pembeni (ya kupelekea sauti kwenye hedifoni au spika), huenda chanzo ni kimoja na tiba ni moja. Chaneli inayokatika unapoigonga taratibu kwa kidole huwa na soketi iliyolegea au utepe wa nyaya ulioota kutu ya shaba, na kuchomoa na kuchomeka tena kunaweza kuiponya. Lakini chaneli nane mbovu, kila moja kwa namna yake, ni kazi ya wiki kadhaa. Uliza pia kama kila chaneli hutolewa peke yake kwa skrubu chache, au kama zote zimejengwa juu ya bodi moja ndefu inayodai ufungue nati za vifundo vyote ndipo uifikie. Kwa mtu atakayemtegemea fundi wa mtaani, mimi ningelipa zaidi ili nipate ile ya kwanza. Na kabla ya yote, tafuta mchoro wa saketi kwenye intaneti. Michoro ya mikisa nyingi za zamani za Soundcraft na Allen & Heath, kampuni za Uingereza zilizoanza mwaka wa 1973 na 1969, inapatikana, na fundi mwenye mchoro si sawa na fundi anayepapasa gizani.

Pima mlango na ngazi pia. Mikisa ya ukubwa huo huwa na upana unaozidi mita moja na hubebwa na watu wawili.

Kadi yangu ya sauti ina njia mbili tu za kuingizia. Nikinunua mikisa ya chaneli 16, je, nitaweza kurekodi kila ala kwenye njia yake? (Msomaji, Ongata Rongai)

Hapana, ndugu yangu, na nafurahi kwamba umeuliza kabla ya kununua. Kompyuta hupokea njia nyingi kadiri ya matundu ya kadi ya sauti, si kadiri ya chaneli za mikisa. Ukiwa na kadi ya njia mbili, chaneli zote 16 zitachanganywa kuwa kushoto na kulia, na ngoma ikizidi sauti ya mwimbaji hutaweza kuirekebisha kesho yake.

Hilo si balaa kwa kila mtu. Bendi nyingi zilizorekodi hapa Nairobi katika miaka ya 1970, zikiwamo za benga na za rumba kutoka Kongo, zilipiga pamoja chumbani huku mwenye mikisa akipanga uwiano papo hapo, na ubora wa kazi zile ulitokana na mazoezi ya bendi na sikio la aliyekaa mezani. Ukiwa na wapigaji waliojiandaa, kurekodi kwa njia mbili ni shule nzuri sana, na ningependa vijana wengi zaidi waijaribu.

Ukitaka kila ala peke yake, tafuta kadi yenye njia nane za laini, kisha utoe sauti kutoka kila chaneli kabla haijachanganywa. Baadhi ya mikisa zina tundu la kutolea moja kwa moja kwa kila chaneli. Zisizo nalo huwa na tundu la insati, ambalo hutoa sauti kwenye ncha ya plagi na kuirudisha kwenye pete, au kinyume chake. Mwombe fundi akutengenezee kebo zenye plagi ya ncha, pete na mkono, huku ncha na pete zikiwa zimesodwa pamoja. Hapo sauti itakwenda kwenye kadi na wakati huohuo kuendelea ndani ya mikisa. Fahamu kwamba insati kwa kawaida huwa kabla ya fada, na mara nyingi kabla ya ekolaiza, hivyo urembo unaoufanya kwa vifundo hautaingia kwenye rekodi. Kwa anayejifunza, hiyo ni kinga: kosa la ekolaiza halitafungwa ndani ya wimbo.

Faida nyingine, ambayo kwangu ndiyo sababu kuu ya kuwa na mikisa nyumbani, ni kwamba mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni bila sauti kupita kwenye kompyuta kwanza. Ucheleweshaji mdogo wa kompyuta humfanya mwimbaji asite bila kujua kwa nini, naye hujilaumu bure.

Angalia pia viwango. Mikisa za kitaalamu hutoa takriban volti 1.23 kwa kiwango chake cha kawaida, ilhali vifaa vingi vya nyumbani hutarajia kama volti 0.32. Ukiona kadi inawaka taa nyekundu ilhali mikisa inaonyesha sifuri, weka matundu ya kadi kwenye kiwango cha kitaalamu, wala usiishushe mikisa hadi sauti izame kwenye mchuo.

Mikisa yangu inavuma ninapoiunganisha na kompyuta, lakini ikiwa peke yake iko kimya. Rafiki ameniambia niukate waya wa ardhi kwenye plagi. Tena stima hukatika sana kwetu. (Msomaji, Kayole)

Usiukate, tafadhali. Waya huo ndio unaobeba umeme kuupeleka ardhini sanduku la chuma linapopata hitilafu, na mtu wa kwanza kuligusa huwa ni mwimbaji aliyeweka mdomo kwenye maikrofoni. Mvumo wa aina unayoieleza hutokea vifaa viwili vinapokuwa na njia mbili za kufika ardhini, moja kupitia ukutani na nyingine kupitia kebo ya sauti, na mzunguko huo huokota mtetemo wa umeme wetu wa hezi 50.

Kwanza chomeka mikisa, kompyuta na spika kwenye soketi moja ya ukutani. Pili, jaribu kuendesha kompyuta kwa betri. Mvumo ukikoma, chaja ndiyo mhusika. Tatu, tumia kebo za balansi (zenye nyaya mbili za sauti zinazosaidia kufuta kelele) kila zinapokubalika, na ikishindikana, weka kisanduku chenye transfoma ndogo ya sauti kati ya vifaa hivyo. Mara nyingi hatua ya kwanza pekee hutosha.

Kwa kuwa umetaja pia kwamba stima hukatika kwenu, izoee tabia hii: ikikatika, chomoa plagi ya mikisa na uirudishe dakika chache baada ya umeme kutulia. Washa mikisa kwanza na spika mwisho, na wakati wa kuzima anza na spika.

Je, mikisa ya zamani inakula tokeni nyingi? (Msomaji, Kasarani)

Soma wati zilizoandikwa nyuma ya pawasaplai. Inayotumia wati 120 ikiwashwa saa tano itakula yuniti 0.6, kiasi ambacho si cha kutisha. Zile kubwa za studio za kitaalamu hutumia umeme mara nyingi zaidi ya huo na hudai chumba chenye mashine ya kupoza hewa, lakini hizo hazipiti mlangoni kwako.

Fada zinakwaruza. Nipulize WD-40? (Msomaji, Ngara)

Ile ya kawaida ya kopo la buluu, hapana. Huacha mafuta yanayonasa vumbi, na vumbi jekundu la Nairobi halihitaji kukaribishwa. Tafuta dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya viunganishi vya umeme na inayosema wazi kwamba ni salama kwa fada na potenshiomita, pulizia kidogo sana mikisa ikiwa imezimwa, kisha sogeza fada juu na chini mara thelathini. Zikikwaruza tena baada ya wiki moja, kaboni imelika na fada hiyo ibadilishwe. Usiku ifunike mikisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, baada ya kupoa.

Binamu yangu aliye Marekani amepata mikisa nzuri huko. Anitumie? (Msomaji, South B)

Tazama kwanza nyuma ya pawasaplai. Ikiwa ina swichi ya kuchagua volti na maandishi ya 50/60 Hz, itafanya kazi kwa volti zetu 240 baada ya swichi kugeuzwa. Ikiwa ni ya volti 120 na hezi 60 tu, utahitaji transfoma ya kushusha volti, na hata hivyo transfoma ya ndani itapata moto zaidi kwa hezi 50. Ongeza nauli ya mzigo mzito, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16 inayotozwa juu ya thamani, nauli na ushuru kwa pamoja. Kwa hesabu hiyo ningemwomba binamu anitumie priampu moja nzuri ya njia mbili, na mikisa ningeitafuta hapahapa, ambako naweza kuiwasha kabla ya kulipa.

Prodyuza mmoja ameniambia kwamba analogi itaipa sauti yangu joto. Ni kweli? (Msomaji, Dagoretti)

Ni kweli kwa mikisa fulani, dada, na si zile tunazozipata kanisani. Sifa hiyo ilitokana na vifaa kama moduli ya Neve 1073 ya mwaka wa 1970, ambayo ina transfoma za sauti mwanzoni na mwishoni, na transfoma hizo zikisukumwa kwa nguvu huongeza hamoniki, yaani sauti za juu zinazotokana na sauti asilia, ambazo sikio huziona nene na tamu. Mikisa za kawaida za miaka ya 1980 na 1990 hutumia saketi ndogo kama TL072 na NE5532, ambazo zilichaguliwa ili zisiongeze kitu. Ukizisukuma kupita kiasi hazitoi utamu, zinapasuka.

Kama sauti yako imetoka nyembamba, chunguza chumba kabla ya mikisa. Simama mbali na kuta tupu, tundika blanketi mbili nzito nyuma yako, sogea hadi upana wa kiganja kutoka kwenye maikrofoni, kisha rekodi ubeti uleule mara mbili, kabla na baada. Nitumie rekodi zote mbili, nizisikilize kabla hujatumia shilingi.