Kabla ya Kugeuza Distributa

Fundi mgeni akisikia injini ya gari la zamani ikigonga mlimani, mlio ule kama wa kokoto ndani ya kopo, hukimbilia kulegeza bolti ya distributa, kifaa kinachogawia silinda umeme wa cheche, na kuichelewesha cheche. Mlio hunyamaza kweli, lakini cheche iliyochelewa kupita kiasi huipunguzia injini nguvu na kuipandisha joto, na joto ni mojawapo ya mambo yanayoifanya igonge.

Anzeni na pointi, swichi ndogo ndani ya distributa inayofunguka ili cheche itoke. Kisigino chake kinachosuguana na kemu, mhimili wenye pembe unaoifungua, kikilika, nafasi ya kufunguka hupungua na cheche huchelewa. Ukiitanua nafasi, cheche huwahi. Kwa hiyo anayepanga taimingi (wakati wa cheche kutoka, unaopimwa kwa digrii) kwanza na pointi baadaye atalazimika kuirudia kazi yote. Injini nyingi za silinda 4 hutaka nafasi ya karibu milimita 0.4, ingawa kinachofuatwa ni kitabu cha gari lenyewe.

Kisha chomoeni kwenye distributa mpira wa vakyumu, yaani wa mvuto wa hewa ya injini, uzibeni, na mmulike alama ya puli ya injini kwa taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inapotoka, injini ikizunguka polepole. Wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapoanza. Ongezeni mzunguko taratibu hadi kama 3,000 kwa dakika huku mkiitazama alama: inapaswa kusogea bila kurukaruka, kisha irudi ilipokuwa mnapoachia mafuta. Ikigoma kusogea, vizito vilivyo ndani ya distributa, vinavyoiwahisha cheche mzunguko unapoongezeka, vimeganda kwa kutu au grisi kavu. Ikiruka mapema, springi zinazovizuia vizito zimelegea, na injini ya namna hiyo itaonyesha digrii sahihi ikizunguka polepole gari likiwa limesimama, kisha igonge barabarani, kwa sababu cheche inawahi kabla mzunguko haujastahili. Kugeuza distributa hakutibu springi. (Kama puli ina tabaka la mpira, hakikisheni pia kwamba pete ya nje haijateleza, maana alama itawadanganya.)

Jaribio la mwisho ni barabarani, injini ikiwa imepata moto, gia kubwa, mwendo mdogo, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Ikigonga, icheleweshe cheche kwa digrii 2 na mjaribu tena. Mkishuka digrii 4 chini ya kipimo cha kitabu na mlio bado upo, rudisheni distributa mahali pake, mkatafute masizi juu ya pistoni, kabureta inayotoa petroli kidogo mno, au petroli yenye okteni (kipimo cha kustahimili kugonga) ndogo kuliko injini inavyohitaji.