Nilisoma "Kukuza", Nikaruka "Kusimamia"

Wiki jana msomaji mmoja wa Kasarani aliniandikia saa tano usiku: "Mama Kuku, kaunti imenipa notisi ya siku saba niondoe kuku wote. Kwani wanaweza?" Nilimjibu neno moja tu, wanaweza, kisha usingizi ukanipaa. Yangu ilikuja mwezi wa Mei, miaka mitatu iliyopita, na hadi leo nikiona karatasi yenye mhuri tumbo hunisokota.

Nilikuwa nimeachishwa kazi. Nyumba niliyopanga Donholm ina kauwanja nyuma, pa kutosha kuegesha gari mbili zikibanana. Nikanunua vifaranga 60 wa kienyeji walioboreshwa, nikamwita fundi, akanijengea banda la mbao na mabati la mita tatu kwa mbili. Mambo ya chanjo ya kideri na gumboro, taa ya kuwapasha joto na deni la chakula siwasimulii. Anayefuga anayajua, asiyefuga yatamchosha. Lakini yai la kwanza nitalisimulia. Lilikuwa dogo kuliko ndimu, ganda lina mstari wa damu, na lilikuwa bado na joto. Nililishika kiganjani nikatembea nalo nyumba nzima kama mtu anayebeba maji bila kikombe. Mume wangu akauliza kama ninataka kulipeleka kanisani.

Baada ya miezi michache nilikuwa natoa trei tano kwa wiki. Duka la kona liliacha kununua mayai ya watu wengine. Watoto wa mtaa wakaniita Mama Kuku, nami nikalipenda jina. Kuna watu waliosema nisipopata kazi nyingine nitarudi ushago. Hao walikuwa wateja wangu sasa.

Na sheria nilikuwa nayo, kumbuka. Mimi ni mtu wa kusoma. Nilikuwa nimeichapisha ile sheria ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 kuhusu kilimo cha mjini, nikaitia kwenye faili ya plastiki. Jina lake lenyewe linasema ni ya kukuza na kusimamia kilimo mjini. Nilisoma "kukuza", nikaruka "kusimamia". Nilikuwa pia na Kifungu cha 43 cha Katiba, kile kinachosema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Nikajiona nimejihami kila upande.

Halafu mvua ya Aprili ikaanza.

Chombo kimoja cha maji kilipasuka chini. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, hata huuoni, lakini usiku kucha maji yalikuwa yakitiririka kwenye maranda, yale mabaki ya mbao niliyotandika sakafuni. Asubuhi juu palionekana pakavu. Ukichimba kwa jembe unakuta uji mweusi, na hewa inayopanda inakuchoma macho utoe machozi. Kuku walikuwa wamebanana, na banda halikuwa na dirisha upande wa ukuta. Nikasema nitabadilisha maranda Jumamosi. Jumamosi kukawa na harusi.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Alisimama juu ya kiti, kichwa kikatokea juu ya ukuta, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hiyo harufu imeingia mpaka kwa sufuria. Na nzi wanatua kwa chupa ya mtoto." Halafu akaongeza kuhusu jogoo, kwamba anawika saa kumi alfajiri, wakati mtoto ndiyo kwanza amelala.

Nikamjibu, "Sheria inaniruhusu."

Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko maombi. Ningesema "pole, dada, leo hii naondoa", leo nisingekuwa naandika haya. Hakunijibu. Kichwa kikashuka nyuma ya ukuta, nikasikia kiti kikiburutwa.

Afisa wa afya alikuja baada ya wiki mbili. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliingia bandani, kiatu kikanasa, akakichomoa taratibu, akaanza kuandika. Nikamletea faili langu. Akasoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia. "Mama, hii ni ya kilimo. Mimi nimekuja kwa sababu ya harufu."

Hapo ndipo nilipojifunza. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamkataza mtu kuruhusu kero inayoweza kudhuru afya kwenye ploti yake, na banda la wanyama au ndege linalonuka au kuhatarisha afya linahesabiwa humo. Haiulizi kama una ruhusa ya kufuga. Ukipewa notisi uondoe kero na usiiondoe, unaweza kupelekwa kortini. Tena Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kilimo na ufugaji, na hapo hapo ikaipa kazi ya kudhibiti kelele na kero za umma. Mkono unaokupa ruhusa ndio unaokuletea notisi.

Pigo la pili lilitoka kwa mwenye nyumba. Mkataba wangu ulikuwa na mstari unaokataza mifugo ya aina yoyote. Niliutia sahihi nikiwa nimesimama, lori la vyombo likisubiri nje. Nilisoma sheria ya kaunti nzima nikakosa kusoma karatasi iliyokuwa kwenye droo yangu.

Kuku niliwapeleka soko la Burma asubuhi moja. Wanunuzi waliniangalia usoni wakajua ni mtu anayekimbizwa, wakanipa bei ya kukimbizwa. Jogoo nilimuuza wa mwisho.

Basi, wapendwa, nisikilizeni. Jogoo wa nini? Kuku hutaga bila jogoo, unamhitaji tu kama unataka vifaranga. Mimi nilimweka kwa maringo. Maranda yawe makavu, ukiyafumbata mkononi yasishikane. Soma mkataba wako. Kama unaishi ghorofani, zipo kanuni za wenye nyumba chini ya Sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa (Sectional Properties Act), nazo zinambana hata mpangaji. Ukitaka kujenga banda la mawe, omba kibali cha ujenzi kwanza. Na maranda, narudia, yawe makavu. Tena mwende kwa jirani kabla ya kuleta kifaranga hata kimoja, mwende na mikono yenye kitu, mwende mkiwa wadogo. Tunapenda kutembea na Katiba mfukoni na hatujui jina la mtoto wa jirani! Mimi sikulijua.

Ndugu wa Kasarani, usibishane na notisi. Safisha leo, punguza idadi, piga picha, umwite afisa aje aangalie tena kabla siku hazijaisha.

Mwenye nyumba alikubali baada ya mwaka, kwa maandishi. Sasa nina tetea 12, dirisha pande mbili, hakuna jogoo. Jirani bado hatusemezani vizuri, ni salamu tu za getini. Lakini juzi Jumamosi msichana wake wa kazi alibisha, ameshika trei tupu. Nilimjazia. Bei niliyomtoza ni ile ile ya dukani, sikumpunguzia hata shilingi.